Steringi awe shushushu au bibi aliyepeleka maziwa?

"Shikamoo Mwalimu. Niko Dodoma mjini, nilimaliza chuo mwaka juzi, na mimi na wenzangu wawili tunaandika muswada wa filamu kuhusu kambi ya wapigania uhuru ya Kongwa, miaka ya sitini. Bibi yangu mzaa mama alikuwa msichana Kongwa wakati huo, na alikuwa anapeleka maziwa kambini. Ametusimulia mengi. Ndani ya muswada tumetunga jasusi wa Wareno aliyejipenyeza kati ya wapiganaji. Mwenzangu anasema muvi ya ujasusi bila shushushu haiuziki, kwa hiyo steringi awe kachero wa Kitanzania anayemsaka huyo jasusi, mwisho tuunganishe na kuuawa kwa Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, na bibi abaki kwenye sini mbili tatu za mwanzo. Ili tujifunze tumeangalia Argo, Munich na ile ya Waethiopia waliopitishwa Sudan. Kila tukimaliza nabaki najiuliza kwa nini hadithi ni ya huyu na si ya yule. Je, filamu za ujasusi za matukio ya kweli huwa zinachagua mtu sahihi wa kumfuata? Na sisi tumfuate nani?"

Marahaba, mwanangu. Bibi mfikishie salamu, na mwambie nashukuru kwamba amekubali kusimulia.

Swali lako limebeba hofu mbili, nazitenganisha. Moja ni ya haki: unaogopa mtachukua kumbukumbu za bibi, mzipambe, halafu mwenyewe aonekane kwa mbali akipita na kibuyu. Nyingine ni ya ufundi: unaogopa mkimfuata bibi watu watasubiri bastola, wachoke, waondoke. Zote zina msingi. Ila mwenzako anakosea anapodhani kwamba ukimtendea bibi haki lazima umchoshe mtazamaji. Nitakuonyesha kwa nini, na itabidi nianzie mbali kidogo.

Filamu nyingi za aina hii hazikumpata mtu wao kwa kupima nani aliona zaidi au nani aliumia zaidi. Zilimfuata yule ambaye habari zake zilipatikana. Tuchukue Argo mliyoitazama. Tarehe 4 Novemba 1979 ubalozi wa Marekani mjini Tehran ulivamiwa. Wamarekani sita waliponyoka, wakafichwa na Wakanada hadi mwishoni mwa Januari 1980, walipopanda ndege ya Swissair wakiwa na pasipoti za Kanada, wakijifanya watu wa filamu waliokwenda kutafuta mahali pa kupigia picha. Ujanja huo wa filamu ulikuwa wa Tony Mendez wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Lakini mwaka 1980 dunia haikuambiwa habari za CIA. Pongezi zote zilikwenda kwa balozi wa Kanada, Ken Taylor, na kwa nchi yake. Mwaka 1997, CIA ilipotimiza miaka 50, siri ikafunguliwa, Mendez akapata ruhusa ya kusimulia, na akaandika. Mwaka 2012 filamu ikatoka, na steringi ni Mendez.

Tukio halikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kabati lililofunguliwa. Miaka ya mwanzo tulisimuliwa kwa macho ya Wakanada kwa sababu Wamarekani walifunga lao. Baadaye tukasimuliwa kwa macho ya Mmarekani kwa sababu amefungua. Taylor alilalamika kwamba nchi yake imegeuzwa msaidizi, na maandishi ya mwisho wa filamu yakabadilishwa. Jimmy Carter, aliyekuwa rais wakati wa tukio lenyewe, alisema hadharani mwaka 2013 kwamba asilimia 90 ya mawazo na utekelezaji wa mpango ule ilikuwa ya Wakanada. Yale magari ya walinzi wa mapinduzi yanayoifukuza ndege uwanjani hayakuwepo. Ndege ilichelewa kwa hitilafu ya mitambo, kisha ikaruka salama.

Kwa hiyo ukiona maneno "imetokana na matukio ya kweli", usidhani kwamba mtu anayefuatwa na kamera ndiye aliyeifanya kazi. Huyo ndiye aliyeandika kumbukumbu zake, au aliyeishi muda mrefu, au aliyeruhusiwa na waajiri wake kusema. Katika ujasusi jambo hili lina uzito kuliko katika habari nyingine yoyote, kwa sababu hiyo kazi yenyewe ni ya kuficha, na mwenye siri ndiye anayeamua lini ifunguliwe na ifunguliwe kiasi gani.

Pengine hapo ungesema: basi tatizo ni utaifa, tumtoe Mmarekani tumweke Mkanada, au tumtoe Mzungu tumweke Mwafrika. Nalisikia sana hilo siku hizi, na naelewa uchungu wake. Filamu ya Sudan mliyoitazama, The Red Sea Diving Resort ya mwaka 2019, inauonyesha vizuri. Mossad, shirika la ujasusi la Israeli, walikodi kijiji cha watalii cha Arous, pwani ya Bahari ya Shamu nchini Sudan, miaka ya themanini mwanzoni, mchana wakipokea wazamiaji na usiku wakiwatorosha Wayahudi wa Ethiopia. Mtu aliyefungua njia hiyo tangu mwanzo alikuwa Mwethiopia, Ferede Aklum, aliyekimbilia Sudan na kutoka huko akaanza kuwavuta wenzake. Filamu imempa jina jingine na kumweka pembeni ya kiongozi wa Kimossad anayeigizwa na Chris Evans. Waethiopia wenyewe, waliotembea kwa miguu wakizika watoto na wazee njiani, tunawaona zaidi wakiwa wamejazana kwenye malori.

Hilo ni kosa, nakubaliana na wanaolalamika. Lakini kumpandisha tu Ferede kwenye kiti cha Evans, apige ngumi zile zile na kuongoza malori yale yale, kungetoa filamu ya aina ile ile yenye sura nyingine. Wale waliotembea wangebaki kule kule kwenye malori. Na ndivyo ninavyoliona pendekezo la mwenzako. Kachero wa Kitanzania atawafurahisha watu, nami naheshimu nia yake, ila kwa bibi yako hakuna kitakachobadilika.

Tuseme sasa kamera inafanya nini hasa. Ukiiweka nyuma ya bega la mtu, unampa mtazamaji vitu viwili kwa mpigo: anachokijua mtu yule, na sababu ya kumwonea huruma. Sisi tunalifahamu hili vizuri. Ingia kibanda umiza chochote hapa mjini, aliyechelewa haulizi muvi inahusu nini. Anauliza steringi ni nani. Akishaonyeshwa amejua ampende nani, na anajua pia kwamba steringi hafi. DJ anayetafsiri naye hukoleza: humwongezea steringi maneno ya ushujaa ambayo hakuyasema, na adui akianguka humtolea mzaha. Hakuna anayehesabu walioanguka. Entebbe ya Julai 1976, makomando wa Israeli walipovamia uwanja wa ndege wa Uganda kuokoa mateka, imefanyiwa filamu mara kadhaa, na karibu zote zinafuata makomando, mateka au watekaji. Ukimwondoa Idi Amin mwenyewe, Waganda ni watu wanaopigwa risasi gizani. Dora Bloch, mateka mzee aliyekuwa amelazwa hospitali ya Mulago, aliuawa baada ya uvamizi ule, na mabaki yake yalipatikana mwaka 1979 baada ya majeshi yetu na wapiganaji wa Uganda kumng'oa Amin. Wakenya wengi walioishi Uganda waliuawa kwa kisasi, kwa sababu ndege za Israeli zilijaza mafuta Nairobi. Ukiwa nyuma ya bega la komando, hadithi inaisha ndege inapopaa. Ukiwa Kampala, hapo ndipo inapoanza.

Munich ya mwaka 2005, kuhusu kikosi cha Israeli kinacholipiza kisasi cha wanamichezo wake waliouawa kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, inastahili kutendewa haki. Haimwachi muuaji wake atambe. Avner, kiongozi wa kikosi, anaanza na uhakika na anamaliza akiwa halali usingizi, na filamu inathubutu kumuuliza kama damu ile imeleta chochote. Nimeitumia kufundishia, na bado naiheshimu. Lakini angalia bega lile linaficha nini. Tarehe 21 Julai 1973, katika mji mdogo wa Lillehammer nchini Norway, maajenti wa Israeli waliokuwa wakiwasaka wahusika wa mauaji ya Munich walimpiga risasi Ahmed Bouchiki, mhudumu wa mgahawa, raia wa Morocco. Walimfananisha na Ali Hassan Salameh, Mpalestina waliyekuwa wakimsaka. Alikuwa anatoka sinema na mkewe mjamzito, wameteremka kwenye basi, wanatembea kwenda nyumbani. Mkewe aliona yote. Maajenti kadhaa walikamatwa na kufungwa, na mwaka 1996 Israeli ililipa familia fidia bila kukiri kuhusika.

Filamu haina tukio hilo. Sababu ni ya kiufundi: inafuata kikosi cha Avner, na kikosi hicho katika hadithi yake hakikuwa Lillehammer. Hakuna aliyedanganya, bega tu halikufika pale. Ila mtazamaji anaondoka akijua wauaji waliteseka rohoni, bila kujua kwamba wenzao walimuua mtu asiyehusika mbele ya mkewe. Mimi hilo ndilo ninalolipima. Filamu ina ruhusa ya kumfuata yeyote, hata jasusi, hata muuaji. Swali langu ni hili: ukikaa hapo ulipokaa, gharama ya kazi ile inaonekana, au umekaa mahali ambapo haiwezi kuonekana? Kama haiwezi kuonekana, umekaa pabaya, hata ukipata tuzo.

Dhana nyingine ya mwenzako ni kwamba shushushu ndiye anayejua mengi, kwa hiyo ndiye macho bora. Ni kinyume. Jasusi huambiwa kipande chake tu, ili akikamatwa asitaje kingine. Hajui nani mwingine yumo, hajui karatasi aliyoituma imefanya kazi gani, na mara nyingi hajui kama bosi wake amemuuza. Ndiyo maana filamu zikimfanya steringi zinalazimika kumjaza elimu asiyoweza kuwa nayo: anaingia kila kikao, anaonekana kila nchi. Zero Dark Thirty, kuhusu kusakwa kwa Osama bin Laden, ilibeba kazi ya watu wengi wa miaka mingi ikaikabidhi kwa mwanamke mmoja aliyetungwa kutokana na kadhaa. Kwa masimulizi inarahisisha. Ila bin Laden huyo ndiye ambaye watu wake walilipua balozi za Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998, wakaua watu 224, wengi wao Wakenya na Watanzania, na ukimfuata mwanamke yule mmoja maofisini huwezi kukaa hata dakika moja na familia hizo.

Turudi Tehran, kwa sababu kule kuna nyumba inayofanana na habari ya bibi yako.

Katika filamu Wamarekani wote sita wanaishi kwa balozi Taylor. Ukweli ni kwamba waligawanywa nyumba mbili, na nyumba ya pili ilikuwa ya John Sheardown, ofisa uhamiaji wa ubalozi wa Kanada, na mkewe Zena. Walipopigiwa simu kuombwa hifadhi, Sheardown hakuuliza itakuwaje. Aliuliza mbona wamechelewa kupiga. Zena alizaliwa Guyana, wakati ule hakuwa raia wa Kanada, na hakuwa na kinga ya kibalozi kama mumewe. Mlango ungevunjwa, yeye ndiye angekuwa hatarini kuliko wote. Wiki kwa wiki alikaa na wageni wale ndani. Na mumewe alikuwa akinunua chakula maduka tofauti tofauti, ili muuzaji yeyote asigundue kwamba nyumba ya watu wawili inalisha watu wengi.

Wote wawili hawamo kwenye filamu. Mnunuzi anayegawa mkate wake kati ya maduka, mama wa nyumba asiye na kinga anayesikiliza kila gari linalopunguza mwendo nje: mimi ningelipa kiingilio kuwatazama hao kabla ya kutazama gari likiifukuza ndege. Na usidhani kwamba nawaonea huruma tu. Wao ndio walioushika ujasusi wenyewe. Chakula ni hesabu ya watu. Anayejua kimeingia kiasi gani ndani anajua waliomo ni wangapi, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo adui yeyote anataka kulijua.

Sasa mtazame bibi yako upya. Serikali yetu iliwapa wapigania uhuru eneo la Kongwa mwaka 1964, pale palipokuwa na majengo yaliyoachwa na ule mradi wa karanga wa Waingereza. Walikuwepo FRELIMO, na Samora Machel alikuwa miongoni mwa makamanda wao pale. Walikuwepo ANC ya Afrika Kusini, akiwemo Chris Hani, na SWAPO ya Namibia. Walikuja, wakafunzwa, wakaondoka kimyakimya. Wapiganaji wa SWAPO waliotoka kambini Kongwa ni kati ya wale waliokuwa Namibia kaskazini mapigano ya kwanza yalipoanza tarehe 26 Agosti 1966. Jasusi wa Wareno au wa Makaburu angetaka kujua nini? Wako wangapi, na lini wamepungua. Na nani nje ya kambi angeweza kulijua hilo bila kuambiwa na mtu? Msichana anayepeleka maziwa. Juma hili wamechukua chupa zote wakaomba nyongeza, juma lijalo nusu imebaki. Maziwa yakibaki, watu wameondoka.

Basi steringi wenu mnaye tayari, na amekaa katikati kabisa ya ujasusi. Mwenzako anataka taharuki, nayo iko hapa. Jasusi wenu ni kijana mcheshi, analipa vizuri kuliko wenzake, hasumbui kwa mkopo. Anamuuliza, "Leo umeleta chupa ngapi? Na juzi zilikuwa ngapi?" Msichana anajibu, kwa sababu ni swali la kawaida la mteja. Anampenda kidogo, pengine. Mtazamaji anaanza kuelewa kabla yake, na kuanzia hapo kila jibu la kweli analotoa linatisha. Kisha siku moja naye anaelewa. Hana bastola wala redio. Ana hesabu tu, na anaweza kuidanganya. Sini hiyo ikiandikwa vizuri, kibanda kizima kitanyamaza.

Nikupimie njia zenu kwa uaminifu, kila moja ina bei yake. Kumfuata kachero kutawapa mwendo, kwa sababu msako una mwanzo na mwisho, na watazamaji wetu wanaupenda. Bei yake ni kwamba mafaili ya Usalama ya miaka ile si kitu cha kwenda kusoma ukarudi, kwa hiyo kila kitu mtakitunga, na mtakitunga kwa kuiga muvi za nje: koti la ngozi, chumba chenye taa moja, mahojiano ya usiku. Mtu atadhani anaona historia ya Tanzania, kumbe anaona Berlin iliyohamishiwa Kongwa. Kumfuata bibi peke yake kutawapa ukweli wa vitu vidogo, ambao hakuna mwingine anao. Bei yake ni kwamba hakuwemo vikaoni. Mtashawishika kumficha nyuma ya kila dirisha asikie mipango. Msifanye hivyo hata mara moja. Mtazamaji atamwona ni mbea aliyewekwa pale na mwandishi, na imani yake itaisha.

Kuna pia njia ya mjukuu wa leo anayemhoji bibi, tunakwenda huku na huku kati ya leo na zamani. Vijana wengi huikimbilia. Ina uungwana wa kukiri kwamba kumbukumbu si ushahidi kamili, lakini kwa kawaida filamu inageuka kuwa ya mjukuu, na kila tunaporudi sebuleni moto unazimika. Siipendi kwa hadithi hii.

Ninachowashauri ni bibi awe macho ya filamu, kwa sehemu kubwa sana, na jasusi mwenyewe apewe nafasi chache fupi akiwa peke yake: anaandika tarakimu, anahesabu, anasita. Mtazamaji akijua anachokifanya jasusi huku msichana hajui, mtapata wasiwasi bila kulazimisha mbio. Kachero msimfute. Aje kama alivyokuja kwa watu wa Kongwa: mgeni wa mjini mwenye viatu safi, anauliza maswali, hasemi anatoka wapi, na kila mtu ameshajua. Anaweza hata kumshuku msichana badala ya jasusi. Hapo hata mwenzako ataona kwamba kachero wake amepata kazi yenye uzito kuliko ile ya kukimbizana.

Jambo moja la ufundi mlizingatie tangu sini ya kwanza. Kongwa ile ilikuwa na Kireno, Kiingereza, Kiswahili na lugha za kusini, na bibi yako nyumbani alikuwa anazungumza Kigogo. Tukiwa naye, asichokielewa yeye na sisi tusitafsiriwe. Wapiganaji wakibishana kwa Kireno mbele yake, hakuna maandishi chini. Tusome nyuso zao kama yeye alivyozisoma. Hiyo itawaweka nyuma ya bega lake kuliko mapambo yoyote, na haigharimu senti.

Kuhusu Mondlane nitakuwa mkali kidogo. Eduardo Mondlane aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alichotumiwa kama kifurushi. PIDE, polisi wa siri wa Ureno, ndio wanaotajwa zaidi, na nani ndani au karibu ya FRELIMO aliusaidia mkono wao ni jambo ambalo mpaka leo linabishaniwa kwa uchungu. Tarehe hiyo ni Siku ya Mashujaa Msumbiji. Ana familia, ana chama, ana taifa. Mkimchukua jasusi mliyemtunga Kongwa mkamfikisha kwenye kifurushi kile, mtakuwa mmetoa hukumu juu ya kifo cha mtu wa kweli kwa kutumia mtu asiyekuwepo. Msifanye hivyo. Kama mnataka kifo hicho kiguse filamu, kiguseni kama kilivyomgusa mtu wa Kongwa: habari inafika redioni, na kila aliyewahi kuuza kitu kambini anaanza kujiuliza alishawahi kumjibu nani maswali gani. Na mwanzoni mwa filamu semeni wazi kwamba kambi ni ya kweli na jasusi ni wa kutungwa.

Sasa mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza, lazima mtoke mkaonane na watu. Kwanza bibi. Mrekodini kwa ridhaa yake, kwa vipindi vifupi, na mumsomee mlichoandika kabla ya mtu mwingine hajakisoma. Akisema sehemu fulani itoke, itoke. Mnajua kwamba wapo wanawake wa Kongwa waliozaa na wapiganaji, na watoto waliokua bila kuwaona baba zao. Mkiigusa habari hiyo, msitumie jina wala ukoo unaoweza kutambulika bila kukaa na familia yenyewe, na kikao hicho kiongozwe na mzee anayeheshimika pale, si ninyi vijana wenye kamera. Kumbukumbu ya miaka sitini huchanganya miaka na sura, kwa hiyo simulizi la bibi lipimeni kwa wazee wengine wa Kongwa, kila mmoja peke yake, kabla hamjawaketisha pamoja. Akiwaambia alimpa Samora maziwa kwa mkono wake, liandikeni kama alivyosema, lakini kwenye filamu msiliweke kama tukio lililothibitishwa mpaka mpate mwingine wa kuliunga mkono.

Pili, nyaraka. Nendeni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na waulizeni watu wa Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Bara la Afrika, ambayo Tanzania ndiyo mwenyeji wake. Nendeni na maswali mahususi, kwa mfano kambi ilipata vyakula vyake kutoka wapi. Mkienda na ombi la "kila kitu kuhusu Kongwa" mtarudishwa na vipeperushi.

Tatu, mwanasheria, na hapa sitaki mjiamulie wenyewe. Kibali cha kurekodi ni lazima chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na Bodi ya Filamu itataka kuuona muswada. Mbali na hiyo kuna sheria za usalama wa taifa, ikiwemo ile ya mwaka 1996 inayohusu Idara ya Usalama wa Taifa, na zinagusa suala la kumtambulisha mtu aliyefanya kazi hiyo. Kama katika masimulizi ya bibi kuna jina la mtu wa Usalama wa wakati ule, liondoeni kwenye karatasi leo, hata kama amefariki, kisha mwonyesheni mwanasheria rasimu nzima ana kwa ana kabla haijaenda kwa mtu yeyote. Kambi yenyewe na majengo yaliyobaki pia yana wenyewe. Ombeni ruhusa ya wilaya kabla ya kupeleka kamera.

Kwa sasa msiandike upya muswada wote. Andikeni sini tatu tu za maziwa: siku ya kwanza jasusi anapouliza idadi, siku maziwa yanapobaki, na siku msichana anapodanganya hesabu. Mwenzako anayetaka shushushu ndiye aandike ya tatu. Zikishasimama, nitumie kurasa hizo, na nitawaambia kama kachero anahitajika mapema zaidi ya pale nilipomweka.